Lusini Aliyoionja Baba Mlezi

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Si kwa woga, maana mimi ni mtu wa serikali, na mtu wa serikali haogopi serikali yake. Sababu ninayo, nitaisema tukifika mwisho. Kwa sasa jua tu kwamba ni nchi nzuri, ina milima, ina bendera, ina redio moja, na mimi nilikuwa afisa wake katika Idara ya Pongezi.

Kazi ya idara yetu ni kupongeza. Daraja likijengwa, tunapongeza. Likianguka, tunawapongeza waliokuwa bado hawajavuka. Mvua ikinyesha tunampongeza kiongozi wetu, Baba Mlezi, na isiponyesha tunawapongeza wananchi kwa uvumilivu wao. Nimeifanya kazi hiyo tangu ujana wangu na sijawahi kukosa la kusema.

Basi, katika nchi hiyo hakuna magonjwa. Yaliisha siku ya sherehe moja ya kitaifa, Baba Mlezi alipotangaza uwanjani kwamba yamekwisha. Watu wakapiga makofi, wengine huku wakikohoa. Tangu siku ile hospitali zikaitwa Nyumba za Mapumziko, na mtu akilala huko akashindwa kuamka tunasema amepumzika sana. Ni lugha ya kistaarabu, nami nilishiriki kuitunga.

Sasa huko milimani, kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, watu hulima lusini. Kama hujaiona, ni majani ya mifugo, vijani vitatu vitatu kwenye kikonyo, maua ya zambarau. Unaikata leo, inachipua tena, na ng'ombe akiila vizuri unakamua mpaka mikono inauma. Lusini hiyo ikaanza kunyauka. Shina moja linalegea mchana, jioni unaliona limepata nafuu, kesho limekauka. Ukiling'oa na kuupasua mzizi, katikati umegeuka rangi ya kahawia. Wafugaji wakasema huo ni mnyauko, umo kwenye udongo, na ukishaingia shambani hautoki. Wizara ya Mifugo ikatoa tamko kwamba majani yamepumzika, yasisumbuliwe. Ng'ombe hawakulielewa tamko, wakaanza kukonda.

*

Kulikuwa na kituo cha utafiti wa majani ya mifugo hapo hapo milimani, na mtafiti wake aliitwa Bi Sihaba Mkwizu, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, asiyejua kupongeza wala kupongezwa. Waziri wa Mifugo, Mheshimiwa Chilumbe, alisikia kwamba huyu bibi amepata lusini mpya isiyokufa, akanituma nikaandae pongezi mapema, siku isije ikatukuta hatuna maneno.

Jamani, nilichokuta huko sijui nisemeje. Nilikuta shamba la maiti. Bi Sihaba alikuwa amekusanya udongo mbaya kutoka mashamba yote yaliyonyauka, akaumwaga kwenye shamba la serikali, akapanda lusini humo, kisha akakaa pembeni kuitazama ikifa. Kila upande majani yamekauka, mashina yamelala chini, na yeye anapita katikati yao na kofia yake ya ukili, ametulia kabisa. Hapa na pale kimesimama kishina kimoja kimoja, na kila alipokiona kimoja anachuchumaa na kukiwekea kijiti.

Nilimuuliza kwa upole kama ana kibali cha kuua majani ya umma. Akanieleza kazi yake, bila haraka, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kisimani. Wanaokufa anawaacha wafe. Wachache wanaobaki anawahamishia pamoja, anawafunika kwa chandarua kikubwa, na ndani ya chandarua anaweka mzinga wa nyuki, ili ua lichavushwe na ua mwenzake aliyeokoka, si na lusini za nje. Mbegu zao anazirudisha kwenye udongo ule ule mbaya. Safari hii wanaokufa wanapungua kidogo. Anarudia tena, msimu baada ya msimu, mpaka nywele zake zimeanza mvi. Majirani walikuwa wakimcheka kwamba siku hizi hata majani yanalala kwenye neti.

Nikamshauri, kwa nia njema tu, kwamba angeuondoa huo udongo mbaya majani yake yote yangependeza.

"Ndugu Mbaruku," akasema, "nikiuondoa ugonjwa, nitamjuaje wa kuokoka?"

Lile neno ugonjwa alilisema waziwazi, mchana, mbele ya afisa. Nikageuka kutazama kama kuna mtu amesikia.

Na kweli kulikuwa na mtu. Nje ya uzio alisimama mama mmoja mtu mzima, kaniki begani, kamba ya ng'ombe mkononi. Ndiye Mama Ndeshi, mjane, jirani wa kituo. Ng'ombe wake wote walikwishakwenda kwa mchinjaji mmoja mmoja, kwa kukosa majani, akabakiwa na huyu mmoja tu, jike la madoa aliyempa jina la Meneja kwa sababu ndiye aliyeendesha nyumba. Alimnywesha kwa chupa tangu akiwa ndama. Kila siku alikuja uzioni kuuliza swali moja, kama mbegu zimekomaa, maana masika yalikuwa karibu, na masika yakipita bila kupanda, Meneja naye angefuata wenzake. Bi Sihaba alimjibu kila siku kwamba bado kidogo, mama, vumilia, maganda hayajakauka.

*

Mheshimiwa Chilumbe alikuja mwenyewe kukagua. Alikuja na msafara, na viti, na mtu wa kumshikia mwavuli, na katibu wa kuandika anachokifikiri. Kwanza aliuliza hii lusini inastahimili ugonjwa gani. Bi Sihaba akasema mnyauko. Waziri akasema hapana, nchi yetu haina mnyauko. Wakatazamana. Katibu, ambaye alisoma sana, akaokoa jahazi kwa kuandika kwamba aina hii inastahimili ugonjwa ambao hatuna, ili ukija usitukute. Waziri akafurahi mno, akaagiza sentensi hiyo isomwe redioni.

Kisha akauliza inastahimili kwa kiasi gani. Bi Sihaba akasema ukweli, na hapo ndipo alipokosea. Alisema kwamba katika kazi hii shamba likitiwa kwenye udongo mgonjwa na zaidi ya nusu ya mashina yakabaki hai, hiyo ni aina imara sana, duniani kote wanaivulia kofia.

"Nusu?" Waziri akauliza. Akageuka kututazama sisi. "Katika nchi hii ni nani amewahi kushinda kwa nusu?"

Na ni kweli. Baba Mlezi hushinda kwa karibu kura zote, na wale wachache wanaopungua huwa ni watu waliokosea kutumbukiza. Ilikuwa aibu kumletea mtu wa namna hiyo majani yaliyoshinda kwa nusu na ushee.

Bi Sihaba akamwonyesha walionusurika. Nasema kweli, havikuwa vitu vya kutazamwa. Vifupi, vimetawanyika chini badala ya kusimama, majani madogo ya kijani kizito, mashina membamba, maganda ya mbegu yamejikunja kama konokono. Yeye akawa anavisifia: mzizi unakwenda chini sana, ukikata vinachipua upesi, shina jembamba ng'ombe halibakizi. Waziri alikuwa hasikii, macho yake yamekwenda ng'ambo.

Ng'ambo, upande wa pili wa njia, palikuwa na kitalu kingine. Lusini ndefu, laini, ya kijani cha kung'aa, imesimama yote sawa utadhani gwaride. Waziri akauliza ile je. Bi Sihaba akasema ile ni lusini ya zamani, ile ile inayokufa kwa wafugaji. Ameipanda kwenye udongo safi, anaimwagilia na kuipigia dawa, kwa ajili ya kulinganishia tu. Ikigusa udongo wa kule kwa Mama Ndeshi haimalizi mwezi.

"Basi isiuguse," akasema Waziri. "Hiyo ndiyo tutakayozindua."

Bi Sihaba akajaribu kueleza tena kwamba ile inaonekana nzima kwa sababu haijawahi kuumwa. Waziri akamjibu kwamba hata yeye ni mzima kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna aliyemkataza uwaziri. Papo hapo akaipa jina, Mlezi Daima. Akaagiza shamba la wafu lisafishwe kabla Baba Mlezi hajafika, lisibaki hata shina, maana yale yote, waliokufa na waliobaki, ni magugu. Katibu akaandika, magugu. Nami nikaandika pongezi.

*

Kusafisha kukafanywa kwa kazi ya kujitolea, ambayo kwetu ukikosa kujitolea unakamatwa. Wakaitwa wanawake wote wa mlimani na majembe yao. Nilisimamia mimi, nimesimama kivulini kuwapongeza.

Sasa huko milimani wana desturi yao moja ya siku zote. Mtu akikupalilia shamba humlipi, ila majani anayoyang'oa ni yake, anajitwika anakwenda kulisha mifugo. Hata ukimpalilia adui yako, majani unabeba. Mimi mtu wa mjini nilikuwa siijui desturi hiyo, na Waziri pia, na katibu aliyesoma sana. Bi Sihaba alikuwa anaijua.

Alinijia akiwa mnyenyekevu ajabu, nikadhani hatimaye amekubali uongozi. Akaomba ruhusa moja tu, kwamba wale akina mama wabebe magugu yao kama walivyozoea. Nikaona ni jambo la busara, litatupunguzia gharama ya kuyatupa. Nikaruhusu, tena nikampongeza.

Chandarua kikashushwa. Mzinga ukahamishwa. Akina mama wakaingia, na nikashangaa sana jinsi wanavyopalilia. Sijawahi kuona magugu yanang'olewa kwa heshima namna ile. Walichimba kila kishina kutoka mbali, wakakitoa na mzizi wake na bonge la udongo, wakakifunga kwa kitambaa kibichi. Yale maganda yaliyojikunja, sasa yamekauka, wakayapukutisha ndani ya pindo za kanga. Bi Sihaba alipita katikati yao akinong'ona, na kila mmoja aliitikia kwa kichwa bila kuinua uso. Mama Ndeshi alikuwa wa mwisho kutoka, amejitwika mzigo mkubwa kuliko wote, anatembea taratibu mno. Nikamwambia, mama, hayo ni magugu tu, kwa nini unayabeba kama mayai. Akanijibu kwamba mgongo wake mbovu.

Shamba likabaki jeupe. Ripoti yangu ilisema kazi imefana.

*

Siku ya uzinduzi Mlezi Daima ilihamishiwa kwenye vyungu, ikapangwa mbele ya jukwaa. Bendi ilikuwepo, wanafunzi walikuwepo tangu alfajiri, na Waziri alitaka pia awepo ng'ombe, ili wananchi waone shabaha ya utafiti. Ng'ombe pekee mwenye hadhi aliyebaki jirani alikuwa Meneja. Akafungwa utepe wa rangi za taifa shingoni, mbavu zinahesabika, akasimamishwa mbele na Mama Ndeshi ameshika kamba. Mpango ulikuwa kwamba baada ya hotuba Meneja atakula, watu watashangilia, tutakwenda kula pilau.

Kilichotokea ni kwamba tulisahau limbuko. Katika nchi yetu zao lolote jipya lazima lionjwe kwanza na Baba Mlezi. Ni desturi ya tangu uhuru. Alionja muhogo mpya, alionja mahindi mapya, alionja hadi pamba, tukampongeza. Mkuu wa Itifaki kazi yake ni kuona zao jipya na kuleta sahani. Akaona zao jipya, akaleta sahani, ina kishada cha lusini mbichi, chumvi pembeni, na uma.

Nilikuwa karibu na Waziri, nilimwona jasho likimtoka. Hii ilikuwa chakula cha ng'ombe. Lakini nani atamwambia Baba Mlezi, mbele ya taifa, kwamba ameitwa kuzindua chakula cha ng'ombe na yeye amekwisha kushika uma? Waziri alimtazama katibu, katibu akanitazama mimi, mimi nikaitazama bendera.

Baba Mlezi akatia mdomoni. Akatafuna. Jamani, yale majani yana nyuzi. Bendi ikapiga wimbo wa taifa ukaisha, yeye bado anatafuna, wakaurudia. Taya lilikuwa linakwenda kushoto, linakwenda kulia, na Meneja pale mbele anamtazama kwa makini sana. Hatimaye akameza, akafumba macho, akayafumbua.

"Ina uzalendo," akasema.

Makofi yaliyopigwa hapo sijapata kuyasikia tena. Mawaziri wote wakaomba uma. Wakuu wa mikoa wakala, mabalozi wakala, meno yote yakawa ya kijani. Na Baba Mlezi, kwa ukarimu wake, akatangaza papo hapo kwamba Mlezi Daima ni mboga ya taifa kuanzia saa hiyo, kila nyumba ipande, kila nyumba ile, na kwa kuwa kilichoingia kinywani mwake hakiwezi kuingia kinywani mwa mnyama, ni marufuku ng'ombe kuigusa.

Askari wawili wakaja wakasimama kati ya vyungu na Meneja. Yule ng'ombe alikuwa amekwisha kunyoosha shingo, ulimi nje. Mama Ndeshi akamvuta nyuma kwa kamba, akamshika masikio. Akasema, si kwa sauti kubwa, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu na redio ilikuwa hewani.

"Sasa huyu atakula nini?"

Waziri Chilumbe, mdomo umejaa, alitaka yaishe. "Atakula magugu," akajibu. "Magugu ni ya ng'ombe. Hakuna atakayewauliza."

Nchi nzima ikamsikia. Mama Ndeshi akainama kidogo, akasema asante sana mheshimiwa, akageuza ng'ombe wake akaondoka naye kabla pilau halijapakuliwa. Nilidhani amekasirika.

*

Mlezi Daima ikapandwa kila mahali. Masika hayakuisha nayo ikaanza kulegea mchana, ikapata nafuu jioni, ikakauka. Wananchi, ambao walikuwa wameila kwa chumvi, kwa nazi, na kwa machozi, hawakusikitika kama tulivyotarajia. Wizara ikatangaza kwamba mboga ya taifa imepumzika. Kisha akatafutwa mkosaji, na mkosaji akawa Bi Sihaba, kwa kosa la kufuga ugonjwa bila kibali katika nchi isiyo na ugonjwa. Wakamwachisha kazi kwa manufaa ya umma. Kituo kikafungwa, nyumba zake wakapewa watu wa Itifaki.

Nilimtungia pongezi za kustaafu. Hakujibu.

Mwaka uliofuata zikafika habari mjini kwamba maziwa yanashuka kutoka milimani, mengi, mpaka watoto wa shule wananenepa bila maelekezo. Waziri akashtuka. Kitu kizuri kilikuwa kinatokea bila kuzinduliwa. Akanituma nikakichunguze na nikakipongeze.

Nikapanda mlima. Kila tuta la shamba, kila ukingo wa mfereji, kijani kizito, kimelala chini, maua ya zambarau. Hapa na pale shina limekauka, basi limekauka, majirani zake wamejaza pengo. Kwa Mama Ndeshi nikamkuta Meneja ananyonyesha ndama, amenenepa, utepe wa taifa bado uko shingoni, ndio anaofungiwa. Na kwenye kigoda, akikamua, alikuwa Bi Sihaba. Amepangishwa chumba hapo, analipa kwa kukamua.

Waliponiona wote wawili wakasimama. Nimezoea kuona watu wakiniogopa kidogo, ni heshima ya kazi, lakini hawa nyuso zao zilinifanya nikumbuke siku mama yangu aliposikia gari la serikali linasimama mlangoni. Mama Ndeshi akaenda akasimama mbele ya ng'ombe, akatandaza kanga.

Nikamtuliza. Nikamwambia nimekuja kwa heri, kupongeza. Nikauliza hiki kinachokua hapa ni nini.

"Magugu, baba," akasema Mama Ndeshi.

"Yana jina?"

"Hayana."

Nikasema haya basi, tutayapa jina. Tutaleta bendi, ataalikwa Baba Mlezi. Nilikuwa nimekwisha kutoa kalamu. Bi Sihaba akaja karibu nami, na mikono yake bado ina povu la maziwa. Sikuwahi kumsikia akiomba kitu kwa sauti ile, hata siku walipomfukuza.

"Ndugu Mbaruku, akija ataonja. Tafadhali, usitupongeze."

Nikabaki na kalamu. Katika maisha yangu yote ya kazi hakuna aliyewahi kuniomba nisimpongeze, na nilijisikia vibaya, nisifiche. Mama Ndeshi akanijazia kikombe cha maziwa, ya moto, yana povu. Nikanywa. Nikasimama pale nikamtazama Meneja anavyotafuna. Taya linakwenda kushoto, linakwenda kulia, na yeye hakuwa na neno la kusema juu yake.

Nilirudi mjini, nikamwambia Waziri kwamba nimekuta magugu tu. Akafurahi, akaniuliza kama nimeyapongeza. Nikasema hapana, hayastahili. Ikawa ripoti ya kwanza ya idara yetu kutoka bila pongezi, na hadi leo wenzangu wanadhani nilikuwa naumwa, ila hawawezi kulisema.

Ndiyo maana nchi hiyo sijaitaja jina. Nawe msomaji, kama umehisi unaijua, nakuomba kama nilivyoombwa. Pita njia zako, na usikute majani yamestawi ukapiga makofi.